Babu alikuwa bahili, au dola ilikuwa nzito?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Marehemu babu yangu alikwenda kusoma Marekani mwaka 1960 kwa zile ndege za wanafunzi za mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, akarejea 1964. Mwezi uliopita baba mkubwa, mtoto wa kaka yake babu, alifungua sanduku la marehemu baba yake, tukakuta barua tisa za babu na sarafu mbili za Kimarekani zilizofungwa kwenye leso. Babu anaandika kwamba anaosha vyombo mkahawani kwa dola moja kwa saa, hambaga ni senti 15, petroli senti 31 kwa galoni, na Jumamosi wanacheza twist. Baba mkubwa anasema huo ndio ushahidi aliokuwa akiutafuta: mzee aliishi kama mfalme, akashindwa kumtumia kaka yake hata shilingi ya karo ya watoto. Shangazi, binti yake babu, amenuna hadi leo. Bei hizo ni za kweli? Na maisha yalikuwa rahisi kiasi hicho?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa huo mgogoro. Barua za zamani zina tabia ya kugombanisha watu ambao hata hawakuandikiwa.

Nianze na lililo jepesi. Bei ni za kweli, babu hakutia chumvi hata senti moja. Hambaga ya senti 15 ndiyo iliyowajengea McDonald's jina. Viazi vya kukaanga vilikuwa senti 10 na maziwa ya kusukwa senti 20, kwa hiyo mtu alikula akashiba na nusu dola haijaisha. Petroli ilizungukazunguka kwenye senti 31 karibu miaka yote aliyokaa kule. Ila kumbuka kwamba galoni ya Kimarekani ni lita 3.8 hivi, si ile galoni ya Kiingereza ya lita 4.5 iliyotumika huku kwetu chini ya mkoloni. Na usishangae ukikuta barua ya 1960 na ya 1964 zinataja bei zilezile. Mfumuko wa bei wa kule wakati huo ulikuwa asilimia moja na ushei kwa mwaka.

Baba mkubwa hakukosea bei. Amekosea hesabu. Ameichukua hambaga ya mwaka 1960 akaenda kuinunua kwa pesa iliyomo mfukoni mwake leo. Kwa hesabu hiyo hata mimi ningekuwa sultani.

Mimi napenda kupima bei za zamani kwa dakika. Muulize mtu alitoka jasho dakika ngapi ili akinunue kile kitu. Babu alilipwa dola moja kwa saa, kwa hiyo hambaga moja ni dakika tisa za kusugua sufuria. Galoni ya petroli ni karibu dakika 19. Ukienda dukani, bei za rejareja zilizokusanywa na serikali yao mwaka 1960 ni hizi: ratili ya mkate senti 20, yaani dakika 12, dazeni ya mayai senti 57, dakika 34, ratili ya kahawa senti 75, dakika 45, na siagi vivyo hivyo. Ratili ya steki ilikuwa dola moja na senti tano. Hiyo ni zaidi ya saa nzima mikono imo ndani ya maji ya sabuni, kwa kipande cha nyama kisichofika nusu kilo. Ukisoma barua ambayo babu anasema amekula steki, jua ilikuwa siku ya siku, au kulikuwa na mwenyeji aliyemkaribisha.

Hapa lazima nimpe baba mkubwa haki yake, maana kuna mahali anakaribia ukweli. Bei za Marekani zimepanda zaidi ya mara kumi tangu wakati ule. Dola moja ya 1960 ina uzito wa dola kumi na kidogo za leo, na kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu yao kimeganda kwenye dola 7.25 tangu 2009, ingawa majimbo mengi yamejiwekea cha juu zaidi. Kwa hiyo muosha vyombo wa 1960 aliyelipwa dola moja alikuwa na nguvu kubwa zaidi ya kununua kuliko mtu anayelipwa hicho kima leo. Watu wengi hawaamini nikiwaambia hivyo.

Lakini kila zama ina vitu vyake vya bei rahisi na vyake vya kuuma. Miaka ile chakula kilikula karibu asilimia 17 ya kipato walichobaki nacho Wamarekani baada ya kodi. Leo ni kama asilimia 11. Vitu vya kiwandani vilikuwa ghali mno. Televisheni ya rangi ilikuwa kama dola 500, yaani saa mia tano za babu, ndiyo maana nyumba nyingi zilibaki na nyeusi na nyeupe hadi miaka mingi baadaye. Nyumba, kwa upande mwingine, ilikuwa ya kufikika: sensa ya 1960 iliweka thamani ya nyumba ya kati kwenye dola 11,900, na familia ya kati ilipata kama dola 5,600 kwa mwaka. Mishahara ya miaka miwili na kidogo ukawa mwenye nyumba, kama rangi ya ngozi yako iliruhusiwa mtaani. Leo ni miaka minne, mitano. Gari jipya dogo, Ford Falcon ya 1960, lilianzia dola 1,912. Na bado kaya 22 hivi katika kila mia hazikuwa na gari lolote, jambo ambalo halionekani kwenye picha za matangazo ya wakati ule.

Sasa tuiangalie hiyo dola moja yenyewe, kwa sababu ndiyo kiini cha ugomvi wenu.

Dola moja ilikuwa kima cha chini cha kisheria tangu 1956. Septemba 1961 ikawa dola 1.15, na Septemba 1963 dola 1.25. Watu wakisoma hivyo hudhani kila mtu alilindwa. La hasha. Wafanyakazi wa mikahawa na hoteli waliachwa nje ya sheria hiyo hadi marekebisho ya 1966, na vibarua wa mashambani kadhalika. Kwa hiyo mwenye mkahawa aliyemlipa babu dola moja angeweza kumlipa senti 60, na kama jimbo lake halikuwa na sheria ya kwake, hakuna afisa ambaye angemgongea mlango. Babu alipata bosi mwenye afadhali, au mji wenye uhaba wa mikono.

Tena ndege za Mboya zilikuwa ndege tu. Wengi huku nyumbani hawakulielewa hilo. Ile ya kwanza, Septemba 1959, ilibeba wanafunzi 81. Nauli ilichangishwa na Wamarekani wenyewe: Jackie Robinson wa besiboli, Harry Belafonte na Sidney Poitier waliweka majina yao kwenye maombi ya michango, na mwaka 1960, baada ya serikali ya Marekani kusitasita, taasisi ya familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000. Hilo likageuka hoja ya kampeni za urais mwaka huohuo. Lakini ukishashuka New York, ulikuwa na chuo kilichokukubali na mara nyingi msaada wa ada, zote au sehemu. Kitanda, sabuni, vitabu na koti la baridi vilibaki juu yako mwenyewe.

Hebu tumfanyie babu bajeti. Tuseme alifanya kazi saa 15 kwa wiki wakati wa masomo, kiasi ambacho mwanafunzi anaweza kukimudu bila kufeli. Hiyo ni dola 15 kwa wiki, dola 65 kwa mwezi kwa makadirio. Kodi ya nyumba nzima ya kati, kwa sensa ya 1960, ilikuwa dola 71 kwa mwezi, kwa hiyo nyumba nzima haikuwa yake. Tumpe chumba nyumbani kwa watu, theluthi ya hapo, dola 24. Chakula tumpe dola moja tu kwa siku, na asizoee kahawa ya kununua, maana kikombe kimoja ni senti 10. Hapo dola 54 zimekwenda. Amebaki na 11 za kufulia nguo, kunyoa, madaftari, viatu vya theluji, daktari wa meno na mikate ya siku ambazo mkahawa umefungwa. Akiwa mwangalifu sana, akawa hana hili wala lile, angeweza kuweka dola tano.

Na dola tano zilikuwa nini huku? Pauni ya Kiingereza ilikuwa dola 2.80 na shilingi 20 za Afrika Mashariki, kwa hiyo dola moja ilitoa shilingi saba na senti 14. Dola tano ni shilingi 35 na ushei. Kwa kaka mtu aliyekuwa kijijini hiyo ilikuwa pesa ya kuonekana.

Hapo ndipo ubahili wa babu ulipozaliwa, mwanangu: kwenye kubadilisha fedha. Aliyeandika alisema dola moja kwa saa. Aliyesoma aliona shilingi saba kwa saa. Akazidisha kwa saa nane, kwa siku sita, akaona mdogo wake anapata utajiri kila wiki, na tena anaandika kwamba nyama kwenye mkate ni senti 15 tu! Babu alilipwa kwa dola na akatumia kwa dola, lakini alihukumiwa kwa shilingi. Nimesoma barua nyingi za wanafunzi wa kizazi kile na ugomvi huu umo katika nyingi, hata za waliotuma kila walichonacho.

Mtazame kwenye barua zake kama kuna ya likizo ya Juni hadi Agosti. Huo ndio wakati wanafunzi walipofanya kazi saa nzimanzima, viwandani, mashambani, kwenye hoteli za watalii. Kama alituma fedha, aghalabu alituma Septemba. Muulize shangazi kama kuna kumbukumbu yoyote ya hundi ya posta. Kama hakutuma hata baada ya likizo nne, basi baba mkubwa ana kesi ndogo.

Nikuachie hapo hesabu, twende kwenye jambo ambalo bei haziwezi kukuonyesha.

Tarehe 1 Februari 1960, miezi michache kabla babu hajapanda ndege, vijana wanne Weusi wa chuo kimoja huko Greensboro, North Carolina, waliingia duka la Woolworth. Wakanunua vitu vidogo, dawa ya meno na kadhalika, wakapewa risiti. Kisha wakaenda kwenye kaunta ya chakula ndani ya duka hilohilo, wakaketi, wakaagiza kahawa. Wakakataliwa. Duka lilikuwa limepokea pesa yao kaunta moja na likaikataa kaunta ya pili, hatua chache kutoka hapo. Hawakuondoka hadi duka lilipofungwa, kesho yake wakarudi na wenzao, na kaunta ile haikuwauzia Weusi chakula hadi tarehe 25 Julai mwaka huo. Nguvu ya kitendo chao ilikuwa kwenye zile risiti za dawa ya meno.

Waafrika waliotoka huku hawakusalimika kwa kuwa wageni. Mwaka 1957 Komla Gbedemah, waziri wa fedha wa Ghana iliyokuwa imepata uhuru miezi saba tu nyuma, alikataliwa kuketi na kunywa maji ya machungwa katika mkahawa mmoja wa barabarani huko Delaware, hadi Rais Eisenhower akalazimika kumwita kwa kifungua kinywa Ikulu. Mwaka 1961 barabara namba 40, inayopita Maryland kati ya New York na Washington, iligeuka aibu ya kidiplomasia, kwa kuwa mabalozi wa nchi mpya za Afrika walikuwa wakisafiri humo wakifukuzwa mikahawani, balozi wa Chad akiwa mmoja wao. Waandishi wa gazeti moja la Weusi la Baltimore wakafanya kituko ambacho mpaka leo hunichekesha kwa uchungu: walivaa majoho, wakajifanya wajumbe wa nchi ya Kiafrika waliyoibuni wenyewe, wakaiita Goban, wakaingia mikahawa ya barabara hiyo. Kwingine wakaandaliwa meza. Mtu mweusi aliyezaliwa Baltimore alifukuzwa, na yuleyule akijifanya anatoka nchi isiyokuwepo akaletewa menyu.

Wangari Maathai, aliyekwenda Septemba 1960 kusoma Kansas, alisimulia kuwa basi lao lilisimama Indiana, wakaingia mkahawani kutafuta kinywaji baridi, wakaambiwa hawawezi kuketi humo. Indiana si Kusini, zingatia hilo. Kwa hiyo nakuomba uangalie muhuri wa posta kwenye barua za babu. Mji na jimbo vitakuambia mengi kuliko dola na senti. Kama alikuwa Alabama au Mississippi, hambaga ya senti 15 ilikuwa ya kununulia dirishani na kulia chini ya mti. Kama alikuwa Ohio, ilitegemea mkahawa na siku. Kuna kitabu cha mwongozo kilichoanzishwa 1936 na mfanyakazi wa posta wa Harlem, New York, aliyeitwa Victor Green, kikachapishwa hadi katikati ya miaka ya sitini, kikiorodhesha hoteli, vituo vya mafuta na mikahawa iliyompokea msafiri Mweusi. Hiyo petroli ya senti 31 ulipaswa kuijaza kwa kupiga mahesabu ya wapi utaruhusiwa kwenda chooni. Sheria iliyokataza ubaguzi huo mahali pa umma nchi nzima ilisainiwa tarehe 2 Julai 1964, babu akiwa anafunga mizigo au ameshafika nyumbani.

Na umaskini haukuwa wa Weusi peke yao, ingawa kwao ulikaa zaidi. Kwa kipimo cha serikali kilichokuja kutungwa baadaye na kurudishwa nyuma, watu 22 katika kila mia walikuwa maskini mwaka 1960, karibu watu milioni 40. Kwa Weusi, mwaka 1959, walikuwa 55 katika mia. Maandamano makubwa ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963 yanakumbukwa kwa hotuba, lakini kwenye madai yao yaliyoandikwa kulikuwa na kima cha chini cha dola mbili kwa saa, wakieleza kwamba chini ya hapo mtu haishi maisha ya heshima. Mbili! Babu alikuwa anapata nusu yake.

Sasa kwa nini baba mkubwa anaiona Marekani ile kama pepo? Nadhani ni televisheni. Kufikia 1960 karibu nyumba tisa kati ya kumi zilikuwa nayo, na mashirika matatu, CBS, NBC na ABC, ndiyo yaliyoamua taifa zima litazame nini saa mbili usiku. Vipindi vyao viliuzwa duniani kote na vikaonyeshwa huku kwetu miaka mingi baadaye, vikiwa bado na zile jikoni zinazong'aa, baba mwenye tai mezani, mama mwenye viatu virefu akipiga vumbi, na hakuna Mweusi ila mpishi au mbeba mizigo. Newton Minow, aliyewekwa na Kennedy kusimamia utangazaji, alisimama mbele ya wenye vituo tarehe 9 Mei 1961 akawaambia televisheni yao ni jangwa pana. Na aliyelipia jangwa hilo ni matangazo. Katuni ya familia ya zama za mawe, The Flintstones, iliyoanza 1960, ambayo wewe umeitazama utotoni ukiijua kama ya watoto, ilidhaminiwa mwanzoni na sigara za Winston, na wahusika wenyewe walionekana wakipumzika na kuvuta. Ripoti ya daktari mkuu wa serikali kuhusu sigara na saratani ilitoka Januari 1964.

Babu hakuwa na televisheni chumbani kwake, nina hakika nusu na nusu. Huenda alitazama sebuleni kwa mwenye nyumba, au kwenye sebule ya bweni pamoja na wenzake. Kama alifika Septemba, huenda ndiko alikouona mdahalo wa Kennedy na Nixon tarehe 26 ya mwezi huo, uliotazamwa na watu kama milioni 70.

Kuna kitu kingine cha kutafuta sandukuni. Kama kuna kijitabu chenye stempu ndogo za kijani zilizobandikwa safusafu, msizitupe mkidhani ni takataka za posta. Kampuni ya Sperry and Hutchinson iliziuza kwa maduka na vituo vya mafuta, navyo vikampa mteja stempu moja kwa kila senti 10 alizonunulia. Ukijaza kijitabu cha stempu 1,200 unakwenda kubadilisha kwa taa, blanketi, birika la umeme. Piga hesabu mwenyewe: kijitabu kimoja ni dola 120 za manunuzi, karibu mishahara ya miezi miwili ya babu. Akina mama walibadilisha duka kwa ajili ya stempu, na familia nzima ilikaa mezani jioni ikizilamba na kuzibandika. Wanafunzi waliokaa kwenye nyumba za watu walizifahamu kwa ladha ya gundi. Duka halikuzitoa bure, bila shaka. Gharama yake ilikuwa imeshaingizwa kwenye bei ya mkate.

Na twist? Baba mkubwa anaitumia kama ushahidi wa anasa, wakati ilikuwa starehe ya bei nafuu kuliko zote. Chubby Checker aliifikisha namba moja Septemba 1960, mwezi uleule ndege za mwaka huo zilipokuwa zikitua, na wimbo uleule ukarudi namba moja Januari 1962, baada ya matajiri wa New York kuanza kuicheza kwenye kilabu kidogo cha Peppermint Lounge. Kabla ya hapo kucheza dansi kulitaka mafunzo, mwenzi na hatua za kuhesabu. Twist haikutaka mwenzi wala mwalimu. Walifundishana hivi: jifanye unajifuta mgongo kwa taulo huku unazima kishungi cha sigara kwa ncha ya kiatu. Na muziki ulitoka kwenye mashine ya santuri ukutani, senti 10 wimbo mmoja, senti 25 nyimbo tatu. Nyimbo tatu kwa dakika 15 za kuosha vyombo, chumba kizima kinacheza, mkichanga vijana watano kila mmoja ametoa senti tano. Desemba 1961 Motown ya Detroit, iliyoanzishwa 1959 na Berry Gordy kwa mkopo wa familia wa dola 800, ikapata namba moja yake ya kwanza kwenye chati kuu ya nyimbo kupitia wasichana wa The Marvelettes, na Jumamosi za babu zikapata midundo mingine.

Aliporudi 1964 hakuikuta Nairobi imelala. Wapiga gitaa wa hapa walikuwa wameishaigeuza twist ikawa ya kwao, na Daudi Kabaka akaitwa mfalme wa twist. Nawaza babu akishuka uwanjani na viatu vyake vilivyochongoka akidhani ameleta jambo jipya.

Kuhusu barua zisizo na tarehe, unaweza kuzikadiria. Kama ni ile karatasi nyepesi ya buluu inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe, stempu yake imechapwa juu: senti 10 kwa za mwanzo, senti 11 kuanzia 1961. Yaani kumsalimia kaka yake kulimgharimu babu dakika sita za kazi, na barua tisa zilizobaki huenda ni chache kati ya alizoandika.

Zimebaki sarafu mbili za kwenye leso. Hukusema ni za senti ngapi. Kama ni za senti 10 au 25, na mwaka ulioandikwa ni 1964 au nyuma yake, asilimia 90 yake ni madini ya fedha. Kuanzia zile za 1965 waliyatoa wakaweka shaba na nikeli. Tazama ukingo. Ukiona mstari wa rangi ya shaba umekatiza katikati, hiyo ni ya baadaye. Ukiona weupe mtupu, ni fedha, na fedha iliyomo kwenye senti 25 moja inauzwa leo kwa dola kadhaa, zaidi ya galoni nzima ya petroli kule kule Marekani. Msizisugue kwa majivu wala kwa dawa ya meno, zitapoteza thamani. Iangushe moja juu ya meza ya mbao, baba mkubwa na shangazi wakiwa wamekaa: ya fedha inalia mlio mrefu mwembamba, ya shaba inakufa palepale. Halafu niandikie muhuri wa posta unasema mji gani.